Lisome Jedwali la ARP Kabla Hujalifuta

Fundi kijana akiitwa ofisini kwa sababu mtandao unakatika na kurudi, mara nyingi huanza kwa kuizima ruta na kuiwasha tena. Isiposaidia, hufungua dirisha la amri na kuandika `arp -d *`, kwa kuwa alisikia kwa wenzake kwamba amri hiyo husafisha mtandao. Mambo hutulia dakika kumi, anapewa nauli, anaondoka, na kabla hajafika kituo cha daladala simu inaita: mtandao umekata tena. Nilifanya kazi hivyo kwa muda mrefu. Kilichonibadilisha ni kutambua kwamba kila nilipolifuta lile jedwali nilikuwa nafuta jibu la swali nililoitiwa. Jibu lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi na tarakimu, nami nilikuwa nalipangusa kabla ya kulisoma.

Nawaandikia wanaotunza mitandao midogo: ofisi ya mashine ishirini, maktaba ya shule, duka lenye kamera na printa ya risiti, hosteli. Hakuna programu ya kununua. Amri karibu zote nitakazotaja zimo ndani ya kompyuta tayari.

Tuone kwanza kinachoandikwa humo. Ndani ya mtandao mmoja, swichi haijali anwani ya IP. Inaangalia anwani ya MAC, yaani namba ya biti 48 ya kadi ya mtandao, ambayo huandikwa kama jozi sita za tarakimu za msingi wa 16. Kwa hiyo kompyuta yenye 192.168.1.23 ikitaka kuzungumza na ruta iliyo 192.168.1.1, lazima kwanza ijue ruta hiyo ina MAC gani. Inapaza sauti kwa wote: mwenye 192.168.1.1 ni nani, amjibu 192.168.1.23. Wote husikia, mwenyewe hujibu, na jibu huwekwa kwenye jedwali ili swali lisirudiwe kwa kila paketi. Utaratibu huo ndio ARP. Uliandikwa na David Plummer wa MIT na kutolewa Novemba 1982 kama waraka wa RFC 826, na mpaka leo simu na kompyuta zinazotumia IPv4 kwenye Wi-Fi au kebo ya Ethernet zinaufuata.

Shika jambo moja hapo, maana mengine yote yanalitegemea. Ujumbe wa ARP una baiti 28, na hakuna hata moja kati yake inayomtaka anayejibu athibitishe kwamba ndiye. Ni kama kuingia ua wenye vyumba vingi, ukapiga hodi na kumwulizia Mama Zuhura, kisha ukamwamini yeyote atakayeitikia. Wakiitikia wawili, kwa kawaida utabaki na aliyesikika mwisho. Jedwali linatunza majina ya walioitikia, wawe wakweli au la.

Kulisoma ni amri moja. Kwenye Windows:

arp -a

Kwenye Linux:

ip neigh

Neno hilo la pili ni kifupisho cha jirani kwa Kiingereza, na ndivyo Linux inavyoliita: jedwali la majirani. Amri ya zamani, `arp -n`, bado ipo kwenye mashine nyingi, lakini inatoka kwenye fungu la net-tools ambalo matoleo mengi mapya hayaji nalo, hivyo jizoeze hiyo mpya. Ukilazimika kutumia ya zamani usiiache ile `-n`. Bila hiyo kila anwani hutafutiwa jina kwanza, na kama DNS ndiyo iliyokufa utakaa unasubiri ukidhani kompyuta imeganda. Kwenye macOS andika `arp -an`. Kwenye ruta ya MikroTik ni `/ip arp print`, na kwenye Cisco ni `show ip arp`.

Tahadhari ndogo unapolinganisha mashine mbili tofauti: MAC ileile huvaa nguo nyingi. Windows hutenganisha jozi kwa vistari, Linux kwa nukta mbili, Cisco huziweka katika mafungu matatu yenye nukta katikati, na macOS huiangusha sifuri ya mwanzo ya kila jozi, kiasi kwamba 0a inaonekana a peke yake. Nimewahi kutumia saa nzima nikitafuta kifaa kigeni ambacho hakikuwepo, kwa sababu tu ya sifuri hiyo.

Anayeanza akiona jedwali la Windows kwa mara ya kwanza hushtuka kukuta mistari ambayo haijui: 224.0.0.22 yenye MAC inayoanza na 01-00-5e, 255.255.255.255 yenye ff zote, na pembeni neno `static`. Hakuna mtu aliyeiweka. Ni anwani za kutangazia kundi au wote, na Windows huziandika yenyewe. Ziache. Mwingine hupiga ping 8.8.8.8, inajibu, kisha anaitafuta kwenye jedwali na kuikosa. Hataiona kamwe, kwa sababu ARP haivuki ruta. Kila kilicho nje ya mtandao wako hufikiwa kupitia lango, na ndiyo maana mstari wa lango una uzito kuliko mingine yote. Ukiwa na muda wa kusoma mstari mmoja tu, soma huo.

Linux inakupa zaidi ya Windows kwa sababu inaandika hali ya kila jirani. REACHABLE maana yake amethibitishwa hivi punde. Muda wa kuaminiwa huko ni mfupi: msingi wake ni sekunde 30, na mashine huchagua kwa bahati nasibu kati ya 15 na 45. Ukipita, mstari unageuka kuwa STALE, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaliona neno hilo, wanadhani mstari umeoza, wanaufuta. STALE ni jirani ambaye hujazungumza naye karibuni. Ukimtumia paketi, mashine itaitumia anwani iliyopo na kumhakiki yenyewe baada ya muda mfupi. Mtandao wenye afya umejaa STALE. Neno la kukusimamisha ni FAILED: mashine imeuliza, kwa kawaida mara tatu, na hakuna aliyeitikia. Kabla ya kufika huko utaona INCOMPLETE kwa sekunde chache wakati swali bado liko hewani.

Hapo kuna mbinu ambayo imeniokolea safari nyingi za kupanda ngazi kufuata kebo darini. Printa haijibu ping. Je, imezimika au inakataa tu? Piga ping, kisha papo hapo tazama jedwali. Kifaa kinaweza kuwa na fayawoli inayotupa ping zote, lakini bado kikajibu ARP, kwa sababu bila ARP hakiwezi kufanya kazi yoyote kwenye mtandao. Ukikuta MAC yake imeandikwa upya, kebo ni nzima, swichi ni nzima, umeme upo. Tatizo liko kwenye setingi zake. Ukikuta FAILED, au kwenye Windows ukipata ujumbe wa kutofikika unaotoka kwenye anwani ya kompyuta yako mwenyewe, basi hakuna aliyeitikia kabisa. Sasa ndiyo upande ngazi.

Niwasimulie ofisi moja. Mashine kama kumi na tano, zote sawa asubuhi, na ikifika saa nne baadhi zinakatika. Zinazokatika leo si zile za jana. Walikuwa wameshamlaumu anayewauzia intaneti, wameshabadilisha swichi, na mimi nilishakuja mara mbili na kuondoka na nauli baada ya kufuta majedwali. Mara ya tatu nilikaa kwenye mashine iliyokatika nikaandika daftarini MAC ya 192.168.1.1. Nikahamia kwenye mashine inayofanya kazi, nikaandika ya huko. Zilikuwa mbili tofauti. Anwani moja ya lango, waitikiaji wawili.

Ruta ya pili ilikuwa chumba cha mhasibu, nyuma ya kabati la mafaili. Mtu aliinunua Kariakoo ili simu zipate Wi-Fi upande ule, akachomeka kebo ya ofisi kwenye tundu la LAN, na ikabaki na anwani iliyotoka nayo kiwandani, ambayo ni ileile ya ruta kubwa. Mhasibu alifika kazini saa nne, akawasha umeme wa chumba chake, na ruta hiyo ikaamka. Hakuna aliyefanya kosa la makusudi. Na ule utulivu wa dakika kumi baada ya kufuta jedwali nao ukapata maelezo: mashine iliuliza upya, ruta mbili zikaitikia, na safari ile ilitokea kushinda iliyo sahihi.

Ukishuku hali ya namna hiyo na una kompyuta ya Linux, uliza kwa makusudi:

sudo arping -b -c 5 -I enp3s0 192.168.1.1

Weka jina la kadi yako badala ya `enp3s0`. Ile `-b` ni ya lazima, kwa sababu `arping` ya kawaida kwenye Linux ikishapata jibu la kwanza huanza kumwuliza huyo mmoja tu, na wa pili anabaki amejificha. Majibu yakija na MAC mbili, umemaliza kubishana na mtoa huduma. Kama huna Linux, fanya hivi: chomoa kebo ya ruta unayoijua, futa mstari wa lango peke yake, kisha piga ping 192.168.1.1. Ikiitika na ruta yako iko mkononi, kuna nyingine ndani ya jengo.

Kuipata ilipo ni kazi ya miguu. Swichi yenye usimamizi itakuambia tundu lenyewe. Kwa Cisco ni `show mac address-table`. Swichi ya kawaida haina la kukuambia, hivyo acha ping ikiendelea na uchomoe kebo mojamoja mpaka inyamaze. Baiti tatu za mwanzo za MAC husajiliwa na IEEE kwa jina la mtengenezaji, na kujua kwamba unatafuta ruta na si kamera hupunguza vyumba vya kuingia. Lakini tazama tarakimu ya pili kabla ya kuhangaika na usajili huo. Ikiwa ni 2, 6, a au e, MAC hiyo imetungwa na programu, haikutoka kiwandani. Simu hufanya hivyo siku hizi kwa faragha ya mwenyewe, Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, na baadhi ya kompyuta pepe nazo hufanya hivyo.

Dawa ya ofisi ile ilikuwa kuipa ruta ndogo anwani 192.168.1.2 na kuizimia DHCP. Baada ya hapo, na si kabla, kufuta jedwali kukawa na maana, kwa sababu zilikuwepo mashine zilizoshikilia jibu la zamani na hakukuwa na sababu ya kuzingoja.

Futa mstari mmoja, ule unaoujua. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi uandike `arp -d 192.168.1.1`. Kwenye Linux:

sudo ip neigh del 192.168.1.1 dev enp3s0

Na kwenye macOS, `sudo arp -d 192.168.1.1`. Kufuta lote, kwa `arp -d *` au `sudo ip neigh flush dev enp3s0`, hakuharibu kitu kwenye mtandao mdogo, kwani jedwali hujijaza lenyewe baada ya muda mfupi. Ila hakikisha umeshachukua nakala. `arp -a > kabla.txt` ni sekunde mbili, na siku utakayohitaji kujua jana lango lilikuwa na MAC gani utashukuru. Kwenye ruta za Cisco uvumilivu ni mgumu zaidi, maana kwa kawaida mstari hukaa saa 4. Ukibadilisha seva ukaipa anwani ya ile ya zamani na ruta ikaendelea kuipelekea data seva iliyoko stoo, sababu inaweza kuwa hiyo. `Clear ip arp` ikifuatwa na anwani ya seva inatosha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nina msimamo nalo mkali: kuandika mistari ya kudumu kwa mkono.

Maktaba moja ya shule ilibadilishiwa ruta, na kesho yake hakuna kompyuta ya mezani iliyopata intaneti, ilhali simu za walimu zilipata. Fundi aliyenitangulia alikuwa amewekea kila mashine MAC ya lango kwa mkono, kwa nia njema, ili asije mtu akajifanya lango. Ruta mpya ilikuja na MAC yake. Kompyuta hazikuuliza, kwa sababu ziliamriwa zisiulize. Nilifuta kwa `arp -d *`, ikakaa sawa. Nikaziwasha upya, tatizo likarudi lilivyokuwa. Hapo ndipo nilipojifunza tofauti ambayo sikuwahi kuelezwa. Mstari ulioongezwa kwa `arp -s` kwenye Windows hufa mashine ikizimwa. Ulioongezwa kwa `netsh interface ipv4 add neighbors` hubaki, isipokuwa aliyeuweka aliongeza `store=active`. Kuuona na kuuondoa:

netsh interface ipv4 show neighbors
netsh interface ipv4 delete neighbors "Ethernet" 192.168.1.1

Linux nayo ina mtego wake. `ip neigh flush` haigusi mistari ya kudumu usipoitaja, kwa hiyo unaweza kuapa umefuta kila kitu na mstari mbaya ukakutazama. Anza na `ip neigh show nud permanent` ujue kama kuna aliyewahi kuandika kitu. Mstari wa kudumu wa Linux hupotea mashine ikiwashwa upya, lakini ukirudi tena, kuna faili la kuwashia linaloupandisha, na hilo ndilo la kutafuta.

Je, mstari wa kudumu hauna pa kutumika? Unapo, mahali pachache. Mfano wa kweli ni kuiamsha kompyuta iliyolala kutoka mtandao mwingine: iliyolala inaweza isijibu ARP, kwa hiyo ruta lazima iwe imeandikiwa MAC yake. Kwa hali kama hiyo tumia `replace` badala ya `add`, ili isikugomee kama mstari upo tayari:

sudo ip neigh replace 192.168.1.50 lladdr 00:11:22:33:44:55 nud permanent dev enp3s0

Nje ya hapo, kila mstari wa kudumu ni deni analoachiwa fundi atakayekuja baada yako, na mara nyingi hajui kwamba lipo.

Hofu ya fundi yule wa shule, hata hivyo, haikuwa ya bure. Kwa kuwa anayejibu haombwi uthibitisho, mtu aliye ndani ya mtandao wako anaweza kuzitumia kompyuta majibu ya uongo kwamba yeye ndiye lango, kisha data zote zikapita kwake kabla ya kutoka. Kwenye jedwali alama yake ni MAC moja iliyokaa kwenye anwani mbili, moja ikiwa ya lango. Ukiiona, usimkamate mtu bado. Vifaa vingi vya kuongezea nguvu za Wi-Fi huonyesha MAC yao kwa kila simu iliyo nyuma yao, na ruta mbili zinazosaidiana kwa VRRP hutumia MAC inayoanza na 00:00:5e:00:01, ambayo ni ya zote mbili kwa makubaliano. Linganisha kwanza na nakala uliyoiweka siku mtandao ulipokuwa mzima. Kinga iliyo imara hukaa kwenye swichi na ruta, si kwenye kila kompyuta: swichi zenye uwezo wa kukagua ARP hutupa majibu yasiyolingana na anwani zilizogawiwa na DHCP, na MikroTik inaweza kuwekwa `arp=reply-only` kwenye kadi na `add-arp=yes` kwenye DHCP, ikawa ruta inawajua waliopewa anwani rasmi tu. Kwenye seva ya Linux weka arpwatch ikuandikie kila MAC inapobadilika.

Kwa wenye mitandao mikubwa, ya chuo au hospitali, neno moja. Linux kwa kawaida haikubali majirani zaidi ya 1,024 kwa IPv4. Mtandao wa /24 una anwani 254 na hautafika huko. Wa /20 au /16 uliowekwa kwenye sehemu moja tupu bila kugawanywa unaweza kufika, na `dmesg` itaonyesha ujumbe wa jedwali la majirani kufurika. Unaweza kupandisha `net.ipv4.neigh.default.gc_thresh3`, ila kwa kweli mtandao wa namna hiyo unahitaji kugawanywa.

Na usishangae ukikuta mistari mingine yenye anwani ndefu za fe80. IPv6 haitumii ARP; ina utaratibu wake wa majirani. Inasomwa kwa `ip -6 neigh`, kwa `netsh interface ipv6 show neighbors`, na kwa `ndp -an` kwenye macOS. Kuisoma hakutofautiani na haya tuliyozungumza.

Siku niliyomaliza kazi pale maktabani nilibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la swichi. Ina mistari mitatu: anwani ya lango, MAC yake, tarehe. Ruta ilipokuja kubadilishwa tena, mwalimu wa TEHAMA aliandika `arp -a`, akakata mstari wa kati kwa kalamu nyekundu, akaandika MAC mpya chini yake. Niliiona karatasi hiyo miezi baadaye, nilipokwenda kwa jambo lingine. Hakuwa amehitaji kunipigia.